Mteja Mwaminifu wa Pensão ya Bi Alima

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Mfumo Unganishi wa Ukarimu inawatangazia wakazi wote wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado kwamba njaa ya ghafla imekomeshwa. Kuanzia sasa, mtu atakayehisi njaa baada ya saa nne asubuhi bila kuagiza chakula atahesabiwa kuwa hakujipanga.

Tangazo hilo niliandika mimi, Daktari Sharifu, Mratibu wa Idara, na hadi leo naona limeandikwa vizuri. Tasnifu yangu ya udaktari ilihusu mienendo ya walaji katika hoteli za nyota tano. Nilipopelekwa Palma, ambako nyumba za wageni hazina nyota hata ya kuazima, niliona ni fursa ya kuipima nadharia mahali ambapo haitasumbuliwa na mifano.

Mfumo wenyewe ni rahisi. Kila pensão, yaani nyumba ya wageni, inapewa kompyuta ya mapokezi na mashine ya vidole ya mezani. Mteja huagiza kabla ya saa nne, jiko hupika kilichoagizwa, na mlaji huweka kidole kuthibitisha kwamba amekula. Sahani na walaji wakilingana, kompyuta huonyesha kijani. Wasipolingana, huonyesha nyekundu. Nyekundu tatu za ukaguzi, alvará, yaani leseni ya biashara, inafutwa na nyumba inafungwa.

Pensão ya Bi Alima ilikuwa na vyumba sita, meza nne na kosa moja. Kila siku mwenyewe alipika sahani ambayo hakuna aliyeiagiza. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Hata mwaka ule wa vita, watu walipoukimbia mji, kisha wakarejea mmojammoja wakiwa na mafurushi ya nguo na bila sufuria, sahani ile ilikuwepo, na wa kuila hakukosekana siku hata moja.

"Ni ya nani?" nilimuuliza katika ukaguzi wa kwanza.

"Ya atakayekuja."

"Anaitwa nani?"

"Akija tutamuuliza, mwanangu. Tena akishakula. Kumhoji jina mtu mwenye njaa ni kumtesa."

Nikaandika: mteja asiyejulikana. Kwa ajili ya usahihi, sina budi kueleza kwamba siku hiyo mimi mwenyewe nilifika saa nane mchana bila kuagiza, na sahani ile niliila mimi. Ilikuwa wali wa nazi na changu wa kupaka. Nilifuta midomo, nikaandika nyekundu ya kwanza na ripoti ya kurasa kumi na nne kuhusu upotevu wa chakula.

Mwezi uliofuata ikaja nyekundu ya pili. Chamima, binti wa Bi Alima, ambaye ndiye aliyekaa mapokezi, alinifuata hadi mlangoni.

"Kaka Doutor, ya tatu ikija tunafungwa. Mama hana pengine pa kushika, na mie nina watoto wawili. Mwambie aiache hiyo sahani."

"Wewe umemwambia?"

"Nimemwambia. Kasema wakifunga pensão atapikia barazani."

Usiku sikusoma chochote, jambo lisilo la kawaida kwangu. Asubuhi nilifungua kompyuta, nikamsajili mteja mpya: Ussumane Abdurrazaque, mfanyabiashara, mkazi wa Awasse, mpenda samaki. Awasse niliichagua kwa sababu za kitaalamu. Ni njia panda. Kila mtu hupita pale, na hakuna anayeshangaa kusikia kwamba fulani anatoka huko. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya saa nne, Ussumane aliagiza sahani moja. Mashine ilipotaka kidole chake, Chamima alibonyeza kitufe cha Baadaye, kilichowekwa kwa ajili ya wateja wenye haraka. Pensão ikawa kijani kama mpunga wa mwezi wa tatu.

Sikujiona mwongo. Nilikuwa nimewawakilisha watu wengi kwa mtu mmoja, kazi ambayo takwimu huifanya kila siku na kupongezwa.

Baada ya siku mia mbili na kumi na nne, kompyuta kuu huko Pemba ilibaini kwamba katika pwani nzima hapakuwa na mlaji mwaminifu kama Ussumane Abdurrazaque. Diretor wa Idara, Doutor Ricardo, mtu mrefu mwenye sauti ya kufungulia mikutano, alifurahi na kushuku kwa wakati mmoja. Alisaini cheti cha Mteja Mwaminifu wa Mwaka. Aliandaa pia amri ya kuifunga pensão iwapo mteja huyo hataonekana, amri iliyobakiza alama ya kidole chake tu. Jioni akafuta kitufe cha Baadaye katika mashine zote. Alfajiri akaanza safari, bila kumwarifu mtu.

Alifika Palma saa tisa alasiri, vumbi limempanda hadi kwenye kope.

"Tumepita Awasse," alisema akiwa bado mlangoni. "Tumeuliza sokoni, tumeuliza msikitini. Huyo Ussumane hajulikani!"

"Karibu, chefe," Chamima alimjibu. "Salama huko mtokako?"

Diretor akakumbuka adabu. "Salama. Tuleteeni chakula kwanza. Tangu alfajiri sijatia kitu kinywani."

Chamima aliitazama kompyuta. "Maagizo yamefungwa saa nne, chefe."

"Sharti hilo nimeliweka mimi!"

"Ndiyo maana tunaliheshimu."

Diretor alinigeukia. Nilithibitisha kwa masikitiko kwamba sharti hilo halina mwanya. Mwanya ulikuwepo; niliuziba mimi, na barua ya pongezi ninayo.

"Na hicho kinachonukia?"

"Ni sahani ya Ussumane Abdurrazaque," nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua.

"Ambaye yuko wapi?"

Alikwisha kuitoa amri mkobani na kuiweka juu ya meza. Nilimwona Chamima akiitazama karatasi ile kama mtu anayetazama nyumba yake ikipakiwa kwenye lori. Wakati huo Bi Alima akatoka jikoni, akaisogeza karatasi kidogo ili isiloe mchuzi, na akaiweka sahani mbele ya Diretor.

"Kula, baba."

"Mama, nimeuliza mteja yuko wapi."

"Nimekusikia, mie si kiziwi. Mwenye sahani hii huja bila taarifa, ana vumbi, ana njaa, na kachelewa. Sasa nikikutazama wewe, nikamtafute nani tena? Kula. Maneno hayajazi tumbo."

Nimechunguza mienendo ya walaji kwa miaka tisa, na ninaweza kushuhudia kwamba mvutano kati ya mamlaka na changu wa kupaka ulidumu sekunde nne. Diretor alinawa, akamega tonge. Papo hapo mashine ya vidole ikaanza kulia. Ulikuwa mlio mpya, aliouweka yeye mwenyewe mahali pa kitufe alichokifuta: sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango.

"Izimeni!"

"Haizimiki, chefe," alisema Chamima. "Inataka kidole tu."

Nilikuwa na nafasi ya kumwonya. Mfumo wetu ni unganishi: kidole kinachothibitisha sahani huandikwa kwa jina la aliyeiagiza, na kidole kimoja humtambulisha mtu mezani, ofisini na kila mahali. Taarifa mbili zikigongana, inayoshinda ni ya mwisho, kanuni ambayo nimeitetea katika makongamano mawili. Nilitafakari kwa kina iwapo inafaa nimwonye, kama nilivyofundishwa chuoni, mpaka nafasi ikapita. Diretor akaweka kidole. Mashine ikanyamaza, ikang'aa kijani na kuandika: Karibu, Ussumane Abdurrazaque.

Alikula hadi punje ya mwisho. Alishukuru vizuri, hilo lazima niliseme. Kisha akaivuta ile amri, akafungua ukurasa wake kwenye mashine, na akaweka kidole ili kuifunga pensão.

Mashine ilifikiri. Kisha ikaandika: Mteja hana mamlaka ya kufunga pensão. Je, ungependa kutoa maoni kuhusu huduma?

"Ee," alisema Bi Alima, aliyesomewa maandishi hayo na bintiye. "Toa maoni, baba. Chumvi imetosha?"

Jumatatu, huko Pemba, mlango wa ofisi ulikisoma kidole cha Diretor, ukamwambia kwamba wananchi hupokewa Alhamisi. Celeste, aliyekuwa katibu wake kwa miaka kumi na mmoja, alimtokea dirishani.

"Celeste, ni mimi!"

"Ninakujua, chefe. Mfumo ndio haukujui. Kaa hapo kwenye benchi, tafadhali, pembeni kidogo, usizibe njia."

Fomu ya kurekebisha utambulisho huidhinishwa na Diretor peke yake, na Diretor, kwa mujibu wa kumbukumbu, alikuwa hajaingia kazini. Walimpigia Bi Alima awe shahidi kwamba mlaji wa siku ile hakuwa Ussumane. "Mtu kaja na njaa, kala, kashiba," alijibu. "Mnataka niape kwamba hakuwepo?" Kwa kuwa mteja alikuwa sasa na kidole kinachomthibitisha, amri ya kufunga ilijifuta yenyewe, na alvará ya Bi Alima ikahuishwa kwa miaka mitano. Celeste, ambaye hapendi kuona karatasi zimelala, alitoka hadi kwenye benchi na kumkabidhi mwenyewe cheti chake cha Mteja Mwaminifu. Waliokuwa kwenye foleni walipiga makofi.

Ijumaa iliyopita Diretor alirudi Palma kwa gari la abiria, bila mkoba, akasimama mlangoni pa jiko na kuuliza kama kuna chochote. Bi Alima alimvutia kiti, na wakati mbebaji mmoja wa samaki kutoka Macaloe naye alipoingia, wakala wote wawili katika sahani moja, wakibishana kuhusu kichwa cha samaki.

Mimi nilikuwa meza ya pili. Nilikuwa nimeagiza kwa utaratibu tangu saa tatu asubuhi, na chakula changu kilikuwa bado kinasubiri mtandao.