Mshauri wa Vita vya Beberu

Kakuma, Jumatatu, 16 Februari 1998

Leo nimepata cheo! Asubuhi redio ilieleza kwamba rais wa Amerika ana washauri wanaomhimiza aipige Iraki kwa mabomu. Kumbe! Mkubwa ana jeshi, lakini sikio lake lina mwenyewe. Na hapa kwetu nani anafaa kazi hiyo kama mimi, tarishi wa ofisi Lodwar miaka kumi na mmoja? Siri za serikali nimezibeba kwa mikono yangu. Bahasha zilikuwa zimefungwa kwa gundi, lakini nilizibeba.

Nikaenda kwa mzee Lokuruka. Beberu wake mweupe amepotea siku ya tatu sasa, na nyayo zimevuka laga, ule mto wetu wa mchanga, kuelekea kambini kwa wakimbizi. Nikamwambia hayo ni mambo ya nchi za nje, yanataka mtaalamu. Akaniambia nisogeze kigoda changu. Kando yake kabisa! Nabei, mkewe mkubwa, akauliza nimealikwa na nani. Wivu.

Jumanne, 17 Februari

Ushauri wangu: nguvu kwanza, maneno baadaye. Vijana ishirini, fimbo, alfajiri ya Alhamisi. Nabei akashauri mtu mmoja aende akaulize. Akaulize! Mzee amenikubali mimi, ila kwanza Losike mwaguzi arushe viatu, kama ilivyo desturi. Vikianguka soli chini, twende. Vikipinduka, tubaki.

Vita haviachiwi bahati. Nimepigilia misumari minene ndani ya soli za akala zangu, viatu vyangu vya tairi. Nimezirusha mara ishirini nyuma ya nyumba. Soli chini, mara zote!

Jumatano, 18 Februari

Losike alikubali kuazima akala zangu, maana zake zimekatika kamba. (Nani alizikata, tuyaache.) Zikaruka. Soli chini, zote mbili! Vijana wakaimba. Machozi ya fahari yalinilengalenga. Losike akaokota moja, akaipima mkononi, akanitazama.

"Njia iko wazi," akasema. "Lakini mwenye hizi akala ndiye atatangulia."

Nilieleza kwamba mshauri hubaki nyuma, afikirie. Hata kule Amerika hawapandi ndege za vita. Hakuna aliyesikia. Nabei mwenyewe aliniletea akala, akauliza kwa upole nitakimbiaje na uzito huo.

Alhamisi, 19 Februari

Nilitangulia. Kifua mbele! Katikati ya laga misumari ikatokeza juu, ikanichoma nyayo zote mbili. Nikaketi mchangani. Vijana nao, kwa nidhamu niliyowafundisha, wakaketi.

Ndipo akaja Majok, fundi viatu wa kambini, akimvuta beberu kwa kamba. Beberu amenenepa kwa mahindi ya msaada. Majok akatusalimu kwa lugha yetu, ejok, akasema amemtafuta mwenye mbuzi huyu karibu wiki nzima.

"Nyinyi mngeuliza tu, mimi ningeleta yeye siku ya kwanza."

Kisha akaona miguu yangu, akatoa koleo, akang'oa misumari. Nilipiga kelele kidogo. Vijana wakanibeba hadi nyumbani, nyuma ya beberu.

Jumatatu, 23 Februari

Redio inasema wamepatana kule Baghdad, bila bomu. Washauri dhaifu wamejaa duniani! Kigoda changu kimehamishiwa kando ya zizi. Pale pangu anakaa Nabei. Si neno. Nani mwingine amewahi kuinua vijana ishirini kwa siku tatu?

Majok alipokuwa akinishonea akala, nilisikia anavutana na jirani yake juu ya zamu ya bomba la maji. Maskini, hana mshauri. Kesho nakivusha kigoda changu ng'ambo ya laga. Safari hii mwaguzi atarusha viatu vya mtu mwingine.