Njooni na Wanyama Wenu, Tshangalele

Jumatatu, 28 Julai 2025

Leo nimeamua. Fotokopi basi! Si kuziacha kabisa, maana ndizo zinazonilisha, lakini mwanaume wa miaka thelathini na sita hawezi kuzeeka akinusa wino. Nafungua kambi kando ya ziwa Tshangalele. Watu watalala hemani, wataota moto, watatazama maji. Na kila mmoja atakuja na mnyama wake. Hilo ndilo jipya! Nimeona kwenye simu: huko Ulaya mbwa analala hemani na bwana wake, ana blanketi lake mwenyewe. Nimetazama video hiyo mara sita. Jambo moja linanisumbua. Mbwa mwenye blanketi analinda nini?

Haraka ninayo. Jumapili familia ya Clémentine inakaa kuamua kama nitaitwa kuleta mahari au nitarudishiwa barua yangu ya posa. Mama yake, Mama Hélène, ni mjane wa Kikasai mwenye sauti ndogo inayotiiwa na wajomba wote. Ananilaumu kwa jambo moja tu: eti biashara zangu hazimalizi mwaka. (Kuku wa mayai, miezi minne. Sabuni ya maji, wiki tatu.) Nampenda Clémentine. Akiingia dukani na karatasi zake, nakala zinatoka upande. Kwa hiyo mgeni wa heshima kambini atakuwa Mama Hélène. Ijumaa ni sikukuu ya wazazi. Atalala kando ya ziwa, Jumapili atasema ndiyo.

Jumatano, 30 Julai

Tangazo limebandikwa. Gauthier, mwenye mashine ya fotokopi ng'ambo ya barabara, amekuja kulisoma. Huyu nilipoweka kiti cha wateja, aliweka benchi. Ameuliza mahema nimeyatoa wapi. Nimejibu ni siri ya kazi. (Ni maturubai matatu ya kanisa, yale ya harusi na misiba. Shemasi anajua nimeazima moja.)

Wateja wawili tayari! Mado, muuza mihogo sokoni, anakuja na bata wake watatu, kwa sababu akiwaacha nyumbani wataibwa. Na Papa Didier, aliyelinda ghala Kambove miaka ishirini, anakuja na mbwa wake Komisa. Nimeenda kumtazama. Mkubwa, kimya, hachezi. Papa Didier anasema hakumfundisha chochote. Anamfunga mahali tu, basi mbwa anajua hapo ni pake, hapiti mtu mpaka bwana wake aje kumfungua. Nimeuliza: ukimfunga kwenye mti, atalinda mti? Hajawahi kujaribu. Miaka yote hiyo! Mimi ningejaribu siku ya kwanza.

Clémentine hakufurahi. Aliniambia, “Minye najua mama yangu, Éphraïm. Haiko muntu wa kulala mu turubai.” Nimemwambia mambo ya ukwe nimeyafikiria yote. Kwao Kasai mkwe hampi mama mkwe mkono, hali chakula mbele yake, hamtazami, na anapolala hapasogelei. Hema langu litakuwa hatua mia kutoka lake, nyuma ya kichuguu. Akauliza kama mama mwenyewe nimemuuliza. Wanawake na maswali!

Ijumaa, 1 Agosti, jioni

Asubuhi makaburini, kama kila sikukuu ya wazazi, kufyeka majani na kuosha misalaba. Mama Hélène alikaa muda mrefu kwa marehemu mumewe. Mchana Clémentine akamwambia wanakwenda kupumzika kidogo. Mama alipanda mbele garini. Mimi nilikaa nyuma kabisa, katikati ya bata na Komisa, nikitazama nje kwa heshima.

Upepo baridi, ziwa kubwa. Bata wa Mado walisimama kwenye ukingo kama waliofika mbele ya ofisi. Wamekulia kwenye beseni! Kisha wakaingia, mmoja mmoja, na hawakutoka tena. Mado amewaita kwa majina toka saa nane. Mmoja aligeuza kichwa. Nani aliwaambia miguu yao ni ya kazi hiyo? Nimekaa saa nzima nikiwaza, hata moto nikasahau kuwasha.

Halafu wazo kubwa. Nimeomba Komisa afungwe mbele ya hema la Mama Hélène, usiku kucha. Hakuna mkwe katika mji wetu wote wa Likasi aliyempa mama mkwe mlinzi! Papa Didier aliuliza kama nina hakika. Clémentine naye aliuliza. Nina hakika.

Jumamosi, 2 Agosti

Aibu. Aibu! Naandika polepole.

Alfajiri Papa Didier alikwenda kijijini kutafuta samaki. Clémentine na Mado walizunguka ghuba kufuata bata. Saa moja nikasikia mngurumo. Mama Hélène alitaka kutoka. Komisa hakutaka.

Basi nimepata jibu la swali langu: halindi mtu, analinda mlango. Anayeingia na anayetoka kwake ni mmoja. Inashangaza! Lakini sikuwa na muda wa kushangaa. Kusogea siwezi, ni chumba chake kile. Kukimbia siwezi. Nikasimama hatua hamsini, mgongo kwake, nikazungumza na mti kwa sauti, ili yeye asikie: mti, usiogope, Papa Didier anarudi sasa hivi. Hemani sauti ndogo ikamjibu mbwa kwamba ana haja ya kwenda msalani. Tulikaa hivyo saa mbili. Jua likapanda. Miguu ikafa ganzi. Sikugeuka!

Halafu nani akatokea njiani na daftari mkononi? Gauthier, “kutembea tu”. Akatazama kidogo, akauliza kisu kiko wapi. Akazunguka nyuma ya hema. Nikasikia turubai la kanisa linachanika. Nyuma! Mbwa alikuwa mbele! Hata mimi ningefikiria, kama ningepewa siku moja zaidi.

Na hapo ndipo nilipogeuka. Nilitaka tu kujua ametokea upande gani. Nikamwona Mama Hélène kichwa wazi, bila kitambaa, na kitenge cha kulalia, anakimbia. Naye akaniona nikimwona. Gauthier alikuwa amembebea mkoba. Safari yote ya kurudi Clémentine alilia.

Jumapili, 3 Agosti

Familia imekaa. Mimi nje, kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Wajomba walipaza sauti. Nikasikia “kichwa wazi” mara nne. Nikaanza kujiuliza maisha bila Clémentine yanakuwaje, nikaacha, kwa sababu macho yalijaa machozi. Halafu ile sauti ndogo ya Mama Hélène:

“Ule mutoto alisimama saa mbili mu jua, mugongo kwangu. Ile njo heshima. Lakini mumwambie: kitu yote anataka kufanya juu yangu, aniulize kwanza.”

Mjomba Kabamba akatoka na hukumu. Mbuzi mmoja wa kuomba radhi. Mahari, Septemba. Nilimshika mikono yote miwili. Niliahidi kwa moyo wote, na ni kweli, moyo wote ulikuwepo. Mama Hélène ana haki. Mtu lazima aulizwe!

Jumatano, 6 Agosti

Mbuzi amekubaliwa. Clémentine ananicheka tena, mambo mazuri.

Tangu jana sijalala vizuri kwa furaha: harusi itafanyika ziwani! Mahema matatu, moja nimelishona nyuma. Mialiko mia mbili, rangi mbili, imetoka kwenye mashine asubuhi. Chini kabisa nimeandika: njooni na wanyama wenu. Nataka kuona mbuzi akikutana na ziwa. Mia na arobaini nimeshaigawa, mpaka Kakanda imefika.

Mama Hélène bado sijamuuliza. Nimuulizeje? Mkwe hamsogelei mama mkwe. Atasoma kwenye mwaliko, kama wageni wengine.