Mishipa ya Mama na Ngazi Ishirini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Bado nausikia ule mlio wa hewa ikitoka kwenye mkanda wa kupimia presha. Ikitoka, ikisita, kama mtu anayetafuta namna ya kutoa habari mbaya. Muuguzi alisema mishipa ya Mama imeanza kukakamaa. Ndivyo umri unavyofanya: mshipa hupoteza ulaini, moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Dawa aendelee nazo, lakini atembee, nusu saa kila siku. Mama akajibu kwamba mguu wake hutembea kutwa nzima, kwenye cherehani. Muuguzi hakucheka. Mimi nina mama mmoja tu. Kumbembeleza ni kazi bure; nitatumia akili.

Jumatano, 6 Machi
Mpango wa kwanza. Cherehani iko chini, vyumba vya kulala juu. Nimehamishia juu mkasi, nyuzi na tepu ya kupimia. Ngazi ishirini na mbili. Atapanda, atashuka, mishipa italainika bila yeye kujua.

Jioni. Ameniita mara kumi na nne. Mwanangu mwenye miguu mizuri, niletee mkasi. Magoti yananiuma.

Alhamisi, 14 Machi
Nilimwambia duka la jirani limeishiwa vifungo, itabidi aende lile la ng'ambo ya daraja. Akanishukuru kwa taarifa. Akanituma mimi. Niliporudi nilimkuta na yule jirani mwenye duka, amemletea vifungo boksi zima, anauliza nani anamharibia biashara. Mama alisema njia ya mwongo ni fupi, ila ya binti yake imefika hadi ng'ambo ya daraja.

Jumatatu, 25 Machi
Kliniki. Presha ya Mama iko palepale. Muuguzi akanipima na mimi, akasema moyo wangu unapiga kama wa mwanariadha, nafanya zoezi gani? Mama akajibu: la mkasi.

Kisha, kwa sauti ya chini, akasema anaogopa kupooza kama marehemu bibi. Angekuwa ameanza zamani kutembea kama angepata mwenzake. Peke yake anaona haya kuzunguka mitaani kama aliyepotelewa na mbuzi. Akanitazama. Akaendelea kunitazama.

Nikaelewa. Anahitaji kikundi.

Jumanne, 26 Machi
Nimeandika mwaliko wa Kikundi cha Akina Mama Watembea Asubuhi, wanachama kumi na wawili, kukutana kesho saa kumi na mbili na nusu mbele ya posta. Kikundi hakipo. Mwandiko nimeubadilisha. Mimi sitakwenda, asije akanishuku. Barua nimeshaipenyeza chini ya mlango wake.