Magenge Yote Yameondolewa

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba tatizo la magenge katika jiji hili limekwisha. Limekwisha kabisa. Anayesema bado lipo alilete genge lake ofisini tulione.

Nasema haya nikiwa Katibu Msaidizi wa Kamati ya Kudhibiti Magenge na Maandishi ya Ukutani, cheo ambacho watu wenye wivu hukiita "mshika kipaza sauti". Kipaza sauti nilikishika kweli, sikatai. Lakini hiyo nayo ni taaluma. Ukimsogezea sana Mkurugenzi wa Jiji kinapiga yowe, ukikiweka mbali jiji linakosa dira.

Kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya. Vijana waliojiita Wana wa Jogoo walichora jogoo mwekundu kwenye kila ukuta, na uchochoro wenye jogoo ukipita na simu, unatoka na mikono mitupu. Tulifuta jogoo wote kwa rangi nyeupe, na juu ya rangi nyeupe tukaandika kwa herufi kubwa: MARUFUKU KUANDIKA UKUTANI. Kesho yake jogoo alikuwa amekaa juu ya herufi M. Wananchi walilalamika kwa miaka na sisi tuliwasikiliza kwa makini sana. Ila siku jogoo alipochorwa ubavuni mwa gari la Mkurugenzi, tatizo likawa la dharura.

Mkurugenzi alisimama kwenye ngazi za ofisi kuu, mimi na kipaza sauti pembeni yake, akatoa amri ya kihistoria.

"Kuanzia leo, kila genge katika jiji hili litaondolewa! Kwanza lipigwe alama kwa rangi nyekundu, liandikwe GENGE, watu wote waone. Kisha liondolewe, na hapo lilipokuwa pabaki peupe! Na alama ya jiji isifutwe na mtu yeyote, hata awe nani! Sitaki maelezo, nataka takwimu!"

Amri ilipokelewa na sajini wa askari wa jiji, ambaye mtaa mzima humwita Ndiyo Mkuu, kwa sababu hajawahi kusikika akisema neno jingine kazini.

Sasa hapa ndipo maadui wa maendeleo wanapotucheka. Ndiyo Mkuu ni mtoto wa mtaani. Na mtaani ukimwambia mtoto "hebu kimbia gengeni", haendi kwa majambazi. Anakuletea nyanya, vitunguu na chenji. Genge ni kibanda cha mbao, mama mmoja na mafungu yake. Basi asubuhi Ndiyo Mkuu akaingia mtaani na lori na ndoo ya rangi, akaanza kuondoa magenge. Kwa kuwa mbao ni nzito na askari wetu wana migongo ya ofisini, akatafuta vibarua wenye nguvu, wanaojua kila uchochoro. Hakuhangaika. Aliwakuta kibao pale kwenye kona, wameegemea jogoo wao, akawavalisha vizibao vya jiji.

Mimi ndiye niliyempelekea Mkurugenzi habari.

"Mkuu, kumejitokeza changamoto ya kimsamiati."

"Yameondolewa mangapi?"

"Mengi sana, mkuu. Ila ni ya nyanya."

"Yalikuwa yanaitwaje?"

"Magenge, mkuu."

"Sasa shida yako nini?"

Nikaandika takwimu. Uongozi ni kipaji, jamani, haufundishwi.

Jioni nikarudi nyumbani. Naishi kwa mama mkwe, kwa muda tu, tangu harusi. Nyumba ni yake, chakula ni chake, na binti yake, ukitazama vizuri, naye bado ni mali yake. Vyote hivyo vimetoka kwenye genge lake la nyanya. Nilikuta sufuria imefunikwa kifudifudi. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini na ubao mmoja mapajani, ndio pekee aliowahi kuung'ang'ania. Uliandikwa GENGE, na rangi ilikuwa bado inanata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mheshimiwa."

Siku zote huniita baba. Kusikia "mheshimiwa" nikajua leo nimekwisha.

"Mama, lile ni zoezi la mpito. Mali zote zimehifadhiwa kama ushahidi."

"Nyanya zangu ni ushahidi?"

"Ndiyo, mama."

"Zitaoza."

"Ushahidi hauozi, mama."

"Nyanya inaoza hata ukiipa cheo." Akaugeuza ule ubao. "Kibanda kile kimesomesha watoto wangu wote. Nilimzika mume wangu, matanga hayajaisha nikarudi pale, maana ningekaa kulia hawa wangelala njaa. Leo kinakuja kuvunjwa na nani? Yule mwenye kovu, aliyemkwapua mkeo simu! Kabeba mizani yangu huku kavaa kizibao chenu. Ananiambia, 'Samahani mama, niko kazini.'"

Niliona aibu mpaka masikio yakawasha, nikajifanya nakohoa.

"Nisikilize," akasema. "Nataka kibanda changu. Nisipokipata, wewe na hicho kipaza sauti chako mkatafute kwenu."

Usiku huo sikulala vizuri. Lakini Kamati haikuwa imeniteua bure. Nikakumbuka kwamba tulikuwa na Programu Shirikishi ya Urekebishaji. Mwanagenge yeyote akijitokeza, akakiri hadharani na kumtaja mkubwa wake, anapewa kibanda kipya cha biashara chenye bati na kufuli. Vibanda vilikuwa vimejaa ghalani na hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kuja, kwa sababu Wana wa Jogoo si wajinga.

"Mama," nikamwambia asubuhi, "nenda tu ukakiri kwamba ulikuwa kwenye genge."

"Si nilikuwa kwenye genge maisha yangu yote?"

"Basi sema hivyo hivyo! Wakikuuliza mkubwa wenu nani, taja mtu yeyote asiyekuwepo."

"Mimi kusema uongo mbele za watu siwezi, baba."

Kusikia nimerudi kuwa "baba", nikafurahi mno, hata sentensi yenyewe sikuisikiliza.

Sherehe ilifana. Palikuwa na turubai, viti vya wageni na kamera. Mkurugenzi alipoona mama mkwe na safu ya kina mama wa makamo, wenzake wa gengeni, wameketi kwenye benchi la wahalifu waliojirekebisha, hakushtuka hata kidogo. Alichukua nafasi yake kwenye ngazi, nyuma yake ofisi kuu na ukuta wake mweupe uliopakwa rangi wiki ile ile, akaanza na ufafanuzi.

"Genge ni nini? Genge ni kundi linalopita mitaani likiwatoza wanyonge kwa nguvu. Anayekataa, mali yake inaharibiwa. Na wote wanamtii mkubwa mmoja aliyejificha mahali!" Akamgeukia mama mkwe kwa sauti ya upole. "Mama, usiogope. Watu kama hao unawajua?"

"Nawajua vizuri, mheshimiwa."

"Wanakuja lini?"

"Kila asubuhi. Wanasema ni ushuru. Risiti ukiomba wanakucheka."

"Na asiyetoa?"

"Wanapiga teke ndoo yake, nyanya zinamwagika. Wanaondoka na mizani."

"Mnasikia unyama huo!" Mkurugenzi akazigeukia kamera. "Huyo mkubwa wao ni nani, mama? Mtaje! Leo hii tunamng'oa alipokaa!"

Nikakisogeza kipaza sauti mdomoni pa mama mkwe. Nilikisogeza mno. Kikapiga yowe, kila mtu akanyamaza, na katika ule ukimya akasema:

"Ni wewe, mheshimiwa. Wale wanaokuja wana vizibao vya jiji. Tukiwauliza nani kawatuma, wanasema Mkurugenzi."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha benchi zima la wahalifu likaangua kicheko, na wapiga picha nao, hata mwenye turubai. Mkurugenzi akawa mwekundu kama ushahidi.

"Sajini!" akafoka, akimwonyeshea mama mkwe kidole. "Umesikia maneno haya, halafu unasimama tu? Fanya kazi yako!"

"Ndiyo, mkuu."

Ndiyo Mkuu akachukua ndoo yake. Akampita mama mkwe. Akapanda ngazi, na kwenye ukuta mweupe wa ofisi kuu, pembeni ya mlango, akaandika kwa herufi zenye urefu wa mtu: GENGE. Akarudi nyuma hatua chache kuangalia kama mstari umenyooka. Halafu akawapigia mluzi vibarua wake.

Wale vijana, kwa kuwa wanalipwa kwa mzigo, hawakuuliza swali. Kiti cha Mkurugenzi kilitangulia. Zikafuata meza, makabati na ile feni ya chumba cha mikutano. Yule mwenye kovu alipompita Mkurugenzi akiwa na zulia begani, alisema kwa heshima, "Samahani mzee, niko kazini."

"Futa hiyo alama!" Mkurugenzi akalia.

"Alama ya jiji isifutwe na mtu yeyote, hata awe nani, mkuu," akasema Ndiyo Mkuu. Ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote hadi leo.

Kuibadilisha amri hiyo kunahitaji kikao cha Kamati, na chumba cha kikao kiko ghalani kama ushahidi. Kwa hiyo GENGE lipo pale pale, linasomeka hadi ng'ambo ya barabara. Naomba ieleweke pia kwamba huo ndio ukuta pekee jijini usio na jogoo. Nilimuuliza yule mwenye kovu sababu. Akasema wao wana adabu, hawachori kwenye ukuta wa genge la watu wengine.

Mama mkwe alipewa kibanda chake kipya, maana ahadi ilitolewa mbele ya kamera. Kipo mkabala na ofisi kuu, na bati lake ndilo kivuli pekee hapo. Kamati hukutania chini yake. Mkurugenzi hukalia ndoo iliyopinduliwa, nami humshikia kipaza sauti, ingawa hakina umeme.

Jana kikao kilirefuka. Mama mkwe alimaliza kupanga mafungu yake, akaja akasimama mbele ya Mkurugenzi na kunyoosha kiganja.

"Ushuru wa kivuli, mheshimiwa."

Mkurugenzi akainua kichwa, akajaribu kuwa Mkurugenzi. "Una risiti?"

Mama mkwe akacheka. Kisha akaitazama ile ndoo aliyoikalia Mkurugenzi, akavuta mguu wake nyuma polepole.

Mkurugenzi akalipa.