Hotuba ya Mkurugenzi Siku ya Kuzindua Mpango wa Kuinusuru Mivule

Mheshimiwa mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi. Waheshimiwa wasaidizi wangu. Waheshimiwa wasaidizi wa wasaidizi wangu. Mabibi na mabwana mliokaa kwenye viti, na ninyi mliosimama kwa kukosa viti. Bibi yetu mkunga mstaafu, uliyetupokea duniani karibu sote tulio hapa, pamoja na kikundi chako cha watu wa kujitolea: itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Ndugu zangu, nimesimama katika uwanja huu wa shule, kando ya kitalu chenye miche mia tatu na kumi na miwili ya mvule, nikiwa na furaha isiyo kifani ya kuzindua rasmi Mpango Jumuishi, Shirikishi, Mtambuka na Endelevu wa Kuinusuru Mivule, ambao mimi binafsi niliubuni, nikauratibu, nikausimamia, na kama si unyenyekevu wangu ningesema hata miche niliiotesha mwenyewe. (Kicheko. Mkunga: "Na kumwagilia je, mwanangu? Ulimwagilia lini?") Swali zuri sana, Bibi. Kumwagilia kumo katika awamu ya pili.

Kama mnavyofahamu, mivule yetu ya mlimani imevamiwa na kuvu inayokausha mti kuanzia kileleni mpaka shinani, na tathmini ya kina iliyofanywa na ofisi yangu, kwa kuchungulia dirishani, imebaini kwamba katika kila mivule kumi, kumi na mmoja iko hatarini. (Mwalimu wa hesabu anashika kichwa.) Mwalimu, usishtuke, huo wa ziada ni wa tahadhari.

Lakini ofisi haikulala. Tumeunda kamati tendaji, kamati ya kuifuatilia kamati tendaji, na kamati ndogo ya chai, ambayo ndiyo pekee iliyokamilisha majukumu yake kwa asilimia mia. Tumefanya semina elekezi tatu na upembuzi yakinifu mmoja. Na tunakamilisha mfumo wa kidijitali ambamo kila mche utakuwa na akaunti yake na nywila yake. (Fundi baiskeli: "Mche ukisahau nywila je?" Kicheko.) Atakayecheka tena ataingizwa kwenye kamati. (Kimya cha ghafla.)

Naelezwa kwamba hawa wenzetu wa kujitolea nao wamechangia kidogo. Bibi mkunga, kwa magoti yale yale yanayomuuma, amepanda mlima miaka mitatu mfululizo kutafuta mivule iliyougua ikapona, akaokota mbegu chini yake, kwa hoja kwamba mama aliyeushinda ugonjwa atazaa watoto wagumu. Fundi baiskeli amebeba maji kila asubuhi kabla ya kufungua karakana, na mwalimu ameandika afya ya kila mche kwenye daftari. Hayo ni mambo madogo madogo ya utekelezaji, hayapaswi kutuondoa kwenye mkakati. (Mkunga anasimama: "Mwanangu, mizizi imeshatoboa viriba vya plastiki, na mvua ndiyo hii. Miche isipoingia ardhini wiki hii, yote itatufia mikononi. Hatutaki mkakati, tunataka ruhusa ya kuipanda kule mlimani. Barua yetu iko mezani kwako miezi saba!") Bibi, barua yako iko kwenye mchakato, na mchakato, kama uzazi, wewe unajua, hauharakishwi. (Mkunga: "Wa kwako ulichelewa wiki mbili, nikauharakisha!" Kicheko kirefu. Mkurugenzi anakunywa maji.)

Tuendelee. Namwomba katibu wangu anipe waraka wa mpango niusome neno kwa neno mbele ya kamera. (Katibu anapekua faili. Anapekua tena. Anatoa karatasi moja yenye duara la kikombe cha chai.) Naam! Sikilizeni lugha ya kitaalamu: "Tunaomba kupanda miche ya mvule upande wa mlima ulioathirika, kwa majembe yetu, kwa maji yetu na kwa mikono yetu, bila gharama yoyote kwa ofisi." Bila gharama! Nani mwingine angebuni kitu kama hiki? (Mkunga ameziba mdomo kwa kiganja. Mabega yanamtikisika.) Na mimi, kwa mamlaka niliyo nayo, natamka mbele ya kadamnasi hii: ruhusa imetolewa! Kazi ianze sasa hivi, na yeyote asithubutu kuizuia, hata mimi mwenyewe! (Vigelegele. Fundi baiskeli ameshaanza kupakia viriba.) Mivule oyee! (Oyee!) Kuvu ziii! (Ziii!) Mkurugenzi oyee! (Vishindo vya watu wakikimbilia kitaluni.)

Ngojeni kidogo, katibu ananinong'oneza. Anasema faili halina waraka mwingine. Kwamba mpango wetu haukuwahi kuandikwa na mtu yeyote, tuliagiza bango tu. Na kwamba niliyosoma ni barua ya Bibi. Basi, si neno, nimeshatamka na kamera zimerekodi. Nawashukuru wote mlioufanikisha mpango ambao haukuwapo, na nawashukuru zaidi kwa utulivu huu, maana sijawahi kusikilizwa kimya namna hii. (Viti vitupu. Watu wamejipanga njia nzima ya mlimani, kila mmoja na mche kifuani, katibu akiwa na miwili.) Bibi! Bibi, ngoja! Niachieni basi mmoja wa kupigia picha! (Sauti ya mkunga kutoka juu: "Njoo na jembe, mwanangu!")