Kinywajoto

Kang Po-yen hakuwahi kumuuzia mtu kitu kibovu. Aliuza vitu visivyokuwepo, na kitu kisichokuwepo hakiharibiki.

Siku hiyo alikuwa kwenye foleni ya chai ya maziwa nje ya soko la kompyuta la Taipei, anangoja kikombe chake, sukari nusu, barafu kidogo. Mbele yake vijana wawili walikuwa wanabishana.

"Kadi mpya ya picha za gemu inakuja na wati mia sita," alisema mmoja. "Mia sita, kaka! Hiyo si kadi, hiyo ni pasi."

"Na plagi yake inayeyuka."

"Nani kasema?"

"Watu wote wanasema."

"Kwani imeshatoka?"

"Bado."

"Sasa imeyeyukaje?"

"Ndiyo ujue ina moto."

Kang akaisahau chai yake. Kadi haijatoka, haijauzwa hata moja, na tayari watu wanaikimbia huku wanaililia. Woga wa namna hiyo ni kama mkoba ulioachwa kwenye kiti. Mtu mwenye adabu hauangalii. Kang aliuangalia.

Mzazi mwenye mtoto anayeomba kadi hiyo asome hapa polepole. Anayekuletea woga mlangoni leo, kesho atarudi na dawa, na dawa itakuwa na bei. Ukimwona ana vyote viwili kwenye begi moja, funga mlango.

Dawa ya Kang ilitoka kwenye duka la vyombo vya jikoni. Ni vile vibao vya alumini vya kuwekea nyama iliyoganda ili ilainike upesi. Alivikata vipande vya ukubwa wa kiganja, akavisugua mpaka vikang'aa kama kioo, akabandika gundi nyuma, akavipa jina: Kinywajoto. Ukikibandika mgongoni kwa kadi, alisema, kinakunywa joto lote, na umeme unaotumika unashuka nusu.

Ushahidi alikuwa nao. Alitembea na kile kibastola cha kupimia joto, kama vile walivyokuwa wanatuelekezea kwenye paji la uso wakati wa korona. Alikielekeza kwenye kadi inayofanya kazi, kikasoma sabini na tisa. Akabandika kibao, akakielekeza tena, kikasoma thelathini na moja. Watu walishika vichwa. Hawakujua kwamba chuma kinachong'aa hukidanganya kile kibastola. Hakisomi joto la chuma, kinasoma joto la ukuta unaojiona kwenye chuma. Kibao chenyewe kilikuwa cha moto kama sufuria. Ndiyo maana Kang hakuruhusu mtu akiguse. Alisema mafuta ya vidole yanakiua.

Wiki mbili aliuza nyumba kwa nyumba. Ya tatu akavuka mto kwenda Sanchong, akapanda ngazi hadi kwa Bi Ting Shui-lien.

Bi Shui-lien alikuwa na duka la gemu, ghorofa ya pili juu ya mgahawa wa tambi, mashine thelathini na viti vilivyokwisha kuchukua umbo la wakaaji wake. Nyaya za jengo zilikuwa za zamani. Siku za jua kali, kiyoyozi kikiwaka na wachezaji wakiwa vitani, swichi kuu ilijikata na wote thelathini wakafa pamoja. Wateja walishamwambia wazi kwamba kadi mpya zikitoka, asipoziweka, wanahamia duka la ng'ambo ya barabara. Na kuziweka kwenye nyaya zile ilikuwa kuchoma jengo na watoto wa watu ndani yake. Fundi umeme alitaka kuvuta waya mpya mnene kutoka mtaani. Bi Shui-lien alikuwa anaweka akiba kwenye bati la biskuti, na bati lilikuwa bado halijatosha. Bila waya ule, duka lake lilikuwa limebakiza miezi tu.

Bati hilo ndilo lililomleta Kang.

"Dada," alisema, maana alijua mwanamke mwenye duka haitwi shangazi hata akiwa na miaka sitini na mitano, "waya mpya wa nini?"

"Fundi kasema."

"Fundi anauza nini?"

"Waya."

"Basi," alisema Kang, akaliacha neno hilo lifanye kazi. Kisha akasogea. "Mimi ni injinia. Natoka kiwanda kinachotengeneza kadi yenyewe. Hili sitakiwi kulisema."

"Basi usiseme."

"Nitasema."

Akalisema lote: wati mia sita, plagi zinazoyeyuka, jinsi mainjinia wenyewe wanavyoogopa kuiwasha bila Kinywajoto. Wachezaji walivua vipokea sauti masikioni wakaja kusimama nyuma yake. Kang akafungua ubavu wa mashine moja, akaomba waiendeshe kwa nguvu zote. Halafu, kama anavyofanya kila mtu wa mashine, akatoa kwenye begi pakiti ya kijani akaiweka juu yake.

Hapa kwetu hakuna mashine ya maana, ya benki wala ya hospitali, inayokaa bila pakiti ile ya vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi. Jina lake ni neno lile lile mama analomwambia mtoto: tulia, uwe mzuri. Iwe ya kijani, si ya njano. Isifunguliwe. Na isipitwe na tarehe, maana hapo mashine inajiona imedharauliwa, nayo ikijiona imedharauliwa utajua mwenyewe.

Kibastola kikasoma sabini na tisa. Kibao kikabandikwa. Kikasoma thelathini na moja.

"Balaa!" alisema mchezaji mmoja.

"Hii ni sayansi, mdogo wangu," alisema Kang.

Makofi yakapigwa. Bi Shui-lien hakupiga. Alikuwa ameinama juu ya mashine, miwani kwenye ncha ya pua, anaisoma pakiti. Ilikuwa imepitwa na tarehe tangu mwezi wa tatu.

Kang aliijua rangi. Tarehe hakuiangalia, kwa sababu aliinunua kwenye kapu la bei ya chini, na kwake yeye ilikuwa pambo. Lakini mtu aliyekaa hata wiki moja karibu na mashine hawezi kuiwekea mashine pakiti iliyokufa. Afadhali aje kazini bila suruali. Bi Shui-lien akanyoosha mgongo. Sasa alijua kwamba huyu hajawahi kufanya kazi kiwandani, hata ya kufagia.

"Injinia," alisema taratibu, "nikikuambia ninachokiwaza utanicheka."

"Siwezi, dada."

"Kitu hiki ni kikubwa kuliko duka langu. Mimi ni mtunza hazina wa Chama cha Wenye Maduka ya Gemu wa Kando ya Mto. Tuko maduka arobaini, na wote tunalia na umeme. Wakikukubali uwe wakala wetu, mwaka huu hutagonga tena mlango wa mtu. Sema tu tuna masharti. Wakala anaweka dhamana kwanza."

Kang alisikia "arobaini". Neno "dhamana" lilipita pembeni ya sikio lake.

"Chama kinakutana lini?"

"Ijumaa," alisema Bi Shui-lien. Chama chenyewe kilikuwa bado hakijazaliwa. Kilizaliwa jioni hiyo kwenye meza ya mahjong, kati ya mchezo wa pili na wa tatu. Mwenyekiti akawa Bi Kuei-chih, mwenye mgahawa wa tambi pale chini. Katibu akawa Bi A-tao, fundi cherehani. Maduka mengine thelathini na tisa waliyapa udhuru.

Ijumaa saa nane mchana, mgahawa ukiwa umefungwa kusubiri wateja wa jioni, Kang aliingia amevaa tai. Mezani palikuwa na mashine moja iliyofunguliwa ubavu, iliyokuwa inanguruma tangu saa saba, na Kinywajoto kimebandikwa humo. Bi A-tao alikuwa na katiba ya chama mkononi. Ilikuwa daftari lake la vipimo vya suruali.

"Kifungu cha kwanza," alisoma Bi A-tao. "Anayeomba uwakala ataweka kiganja cha kulia juu ya bidhaa yake, na hatakiondoa mpaka katiba isomwe yote."

Kang akacheka kidogo. "Mwenyekiti, mafuta ya mkono yanakiharibu."

"Kifungu cha pili," alisoma Bi A-tao, "anawe."

Akaletewa beseni na sabuni. Akanawa, kwa muda mrefu kuliko daktari wa upasuaji. Kisha, kwa kuwa aliyaona maduka arobaini yamejipanga mbele yake, akaweka kiganja.

Kitu kilipita usoni mwake, kikaondoka, akabaki anatabasamu.

"Ni baridi?" aliuliza Bi Kuei-chih.

"Kama barafu, mwenyekiti."

"Mbona unatoka jasho?"

"Furaha."

"Kifungu cha tatu," alisoma Bi A-tao, "kuhusu kiuno. Samahani. Kuhusu mikutano."

Kang aliinua kidole cha mwisho, akakirudisha, akainua cha kati. Bi Shui-lien alikuwa anamtazama kwa upole kama mama kwenye sherehe ya mwanawe.

"Mkono wote, Injinia. Kifungu cha nne kina vipengele sita."

"Naomba kisomwe... haraka kidogo."

"Katiba haikimbizwi, mwanangu," alisema mwenyekiti. "Tulia hapo hapo, tunapiga picha ya kumbukumbu. Tabasamu. Zaidi."

Ilipofika kifungu cha saba, kinachohusu dhamana, Kang alikuwa tayari kutia sahihi kitu chochote kitakachoruhusu mkono wake kurudi nyumbani. Kwa mkono wa kushoto akatoa bahasha ya kahawia, mavuno yote ya wiki zile mbili, akaisukuma mezani. Kwa nini asiisukume? Kwa kifungu hicho, Jumatatu saa nne asubuhi angerudishiwa pamoja na malipo ya vibao mia mbili, na chama kikibaki kinatazamana na vibao vyake, yeye angekuwa kusini huko Kaohsiung anakula samaki.

Chama kikamshukuru kwa kauli moja. Bi Kuei-chih akampa na tambi za bure. Alizila kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu alipopanda ngazi, mkono wa kulia ukiwa na bandeji, alimkuta fundi umeme juu ya kiti anafunga sanduku jipya ukutani. Kutoka dirishani hadi sandukuni ulipita waya mweusi, mnene kama mkono wa mpiga mieleka. Pembeni yake ilibandikwa karatasi nyekundu, yenye maandishi mazuri ya wino kama zile za wafadhili wa hekalu: *Waya huu umetolewa kwa moyo mmoja na Injinia Kang Po-yen.* Chini yake ilikuwa picha yake, kiganja juu ya kibao, tabasamu hadi masikioni.

"Mfadhili kafika!" alisema fundi. "Washa wewe, bwana, ndiyo heshima."

"Bahasha yangu iko wapi?" aliuliza Kang.

"Unaitazama," alisema Bi Shui-lien. "Na bati langu la biskuti pia limo humo. Tumechanga pamoja."

"Nitakishtaki chama!"

"Kilivunjika jana. Wanachama hawakuelewana kwenye mahjong."

"Nakwenda polisi!"

"Nenda. Watakuuliza ulikuwa unauza nini."

Wachezaji thelathini walikuwa wameshageuza viti. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na fundi akamshika Kang kiwiko kwa heshima akampeleka mbele ya sanduku. Hakukuwa na pengine pa kwenda. Akasukuma swichi kwa mkono mzima.

Mashine zote thelathini zikawaka, na kiyoyozi, na taa, na birika la umeme la Bi Shui-lien. Hakuna kilichojikata. Duka zima likashusha pumzi kwa pamoja.

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Shui-lien, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. Halafu akafuta miwani. "Picha yako nimeiweka kwenye kundi la simu la mtaa, watu wakushukuru. Bwana mmoja wa Banqiao, muuza matairi, alikuandikia kurasa mbili. Anasema alinunua vibao vitatu, na kompyuta ya binti yake imeungua. Aliuliza utakuwepo saa ngapi."

"Ukamwambia nini?"

"Saa nne."

Chini barabarani pikipiki ikazimwa. Kang akatazama saa ya ukutani, akatazama dirisha lililojaa waya wake mwenyewe, halafu akautazama mlango. Ngazi ya kushukia ilikuwa moja tu, na tayari kulikuwa na mtu anaipanda.