Yah: Kubishiwa Hodi Dirishani kwa Ajili ya Kiuno Changu

Kwako Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kikundi cha Mazoezi cha Mtaa, ambaye pia ni muuguzi mstaafu na dada yangu wa tumbo moja,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mdogo wako, fundi cherehani, mwanachama namba kumi na saba. Sisi huku hatujambo, isipokuwa miguu. Kichwa cha barua chajieleza, lakini kwa kuwa nakujua, husoma kichwa ukarukia sahihi, naomba mara hii upite mstari kwa mstari. Nimeiandika nikiwa nimekaa, kama ninavyofanya mambo yangu yote. Malalamiko ni haya:

1. Ahadi. Ni kweli kwamba siku ya mwaka mpya, nyumbani kwako, nilisimama mbele ya ukoo mzima nikatangaza kwamba mwaka huu nitakula kwa kiasi na kutembea kila siku. Sikatai. Lakini uliniona nilikuwa katika hali gani. Nilikuwa nimemaliza sahani ya tatu ya wali, na mkanda nilikuwa nimeulegeza matundu mawili. Mtu aliyeshiba hana mamlaka ya kuahidi kwa niaba ya mtu yuleyule akiwa na njaa. Hao ni watu wawili na hawaelewani. Wahenga walisema ahadi ni deni, ila naamini walikuwa wanazungumza na watu ambao bado hawajanawa mikono. Wewe ukachukua kalamu papo hapo ukaniandika kwenye daftari la kikundi. Mimi nilidhani unaandika orodha ya watakaofungiwa chakula cha kwenda nacho nyumbani.

2. Hodi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi unabisha dirisha la chumba chetu mara tatu, kwa kidole chenye pete. Nilijaribu kukoroma, ukabisha mara sita. Nilimwomba mke wangu aseme nimesafiri. Akafungua dirisha akakwambia nipo, tena nimeamka, ninachotafuta ni soksi. Kikulacho ki nguoni mwako. Jirani yangu fundi bomba naye siku hizi huamka kwa hodi hiyohiyo na kuanza kutembea. Amepungua kilo nne, na hata si mwanachama.

3. Heshima yangu barabarani. Mwenda pole hajikwai, na mimi tangu tuanze sijajikwaa hata mara moja. Lakini Jumanne ya pili, tulipokuwa tunapanda kilima cha kwenda kwenye tangi la maji, nilipitwa na mama muuza mayai akiwa na trei mbili kichwani. Yeye hakuwa mazoezini, alikuwa kazini. Alipofika usawa wangu alisimama, akaniuliza kwa upole kama nina mtu wa kumpigia simu. Tangu siku hiyo kinyozi wa pale kona ananiita Trei, na wateja wangu wameanza kuiga.

4. Chakula. Ulibandika orodha ya vyakula ukutani mwa jiko letu, kwa pini zangu mwenyewe za kazini. Mke wangu anaitunza kuliko cheti chetu cha ndoa. Sahani ninayopakuliwa sasa ni ile ya kuwekea kikombe. Matango nimekula mpaka kiu imenisahau, njaa iko palepale. Mbaya zaidi, mama mkwe aliyekuja kututembelea kwa wiki moja amekabidhiwa ulinzi wa kabati la mkate. Unajua vizuri kwamba mbele ya mama mkwe mwanamume hawezi kufungua hata mlango wa kabati kwa sauti. Wiki yenyewe sasa ni ya tano.

5. Pedali. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mtu anayekanyaga pedali kutwa nzima tofauti yake na mwendesha baiskeli ni kwamba yeye hafiki popote. Kwa makadirio yangu, tangu Januari ianze nimekwisha kuvuka mipaka ya nchi mbili na sasa niko njiani kurudi. Naomba safari hiyo iingizwe kwenye daftari la kikundi, pamoja na pole ya safari.

6. Futi. Hapa ndipo penye kidonda. Kwa kuwa mimi ni fundi, mlinipa kazi ya kupima viuno vya wanachama mwisho wa Januari, ili vilinganishwe na vipimo ulivyochukua wewe mwanzoni mwa mwezi kwa futi ya kliniki. Nilipima kwa futi ya marehemu Baba, ile ya kitambaa aliyoining'iniza shingoni miaka yake yote ya kazi, niliyoirithi pamoja na meza ya kukatia. Wanachama wote kumi na tisa tukaonekana tumepungua inchi mbili na zaidi. Mliimba. Mwalimu mstaafu wa hesabu alitoa machozi. Mkaagiza keki ya kusherehekea viuno, nami sikutaka kuwaangusha, nikala vipande vinne.

Jumamosi iliyopita ulikuja kuchukua suruali za mazoezi mlizoniagiza nikishonee kikundi, ukailaza futi ile juu ya rula yangu ya chuma mbele ya watu. Inchi thelathini na nne za Baba zikafika mwisho wa rula, penye thelathini na sita. Futi imevutika. Miaka arobaini imezungushwa kwenye viuno vya watu, ingeachaje kuvutika? Nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Wewe hukucheka. Ulisema tu, "Baba naye alikuwa anacheka hivihivi," ukaacha suruali mezani ukatoka.

Nalalamika kwamba lile halikuwa neno la kuniambia mbele ya wateja. Baba alianguka kwenye meza hiihii akiwa na miaka hamsini na mbili. Mimi mwezi wa nne natimiza hiyohiyo. Naijua tarehe, Dada, sikuhitaji kukumbushwa.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: kwanza, Januari ihesabiwe kuwa mwezi wa majaribio. Pili, inchi zote tulizopungua zibaki kama zilivyoandikwa, maana keki imeshaliwa na haiwezi kurudishwa. Tatu, kama hayo hayawezekani, nifutwe uanachama kwa heshima, kwa hafla fupi yenye vitafunio, na dirisha langu liachwe lipumzike.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote. Mwalimu wa hesabu mwambie nampa pole ya machozi yake.

Ni mimi mdogo wako, mtiifu katika mambo mengine,
Fundi (Trei)

Nakala: Mama, kwa taarifa tu. Asinipigie simu.

Baada ya sahihi: Mke wangu ameisoma barua hii na amekataa kuileta kwako mpaka niongeze mambo mawili. La kwanza, cherehani yangu imefungwa mota tangu mwaka juzi; kazi ya mguu ni kubonyeza tu. La pili, futi mpya ninayo. Iko kwenye droo, na ndiyo ninayopimia wateja. Hakuna fundi asiyejua futi yake ikivutika. Ile ya Baba niliichagua.

La tatu hajaniambia mtu. Jana baada ya kufunga kazi nilijipima kwa ile mpya, nikapata arobaini na saba. Kisha nikafungua daftari la zamani la vipimo, penye suruali ya mwisho niliyomshonea Baba. Kiunoni nimeandika kwa mkono wangu: arobaini na saba. Niliogopa, Dada.

Tangu Jumamosi hujabisha, na leo ni siku ya nne. Kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili naketi ukingoni mwa kitanda, kamba za viatu nimeshafunga, nasubiri mpaka fundi bomba anapita peke yake. Suruali za kikundi ziko tayari, na yangu nimeikata kwa kipimo cha kweli. Kesho naomba ubishe. Mara tatu zinatosha.